Kweli au Si Kweli: Lugha na Elimu ya Udaktari wa Mifugo Vyuoni

Mwanafunzi wa shahada ya udaktari wa mifugo nchini Tanzania husoma miaka mitano. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, mihadhara ni ya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na majina ya misuli na mishipa anayokariri usiku ni ya Kilatini. Akihitimu, mteja wake wa kwanza atamsimulia ugonjwa wa ndama kwa Kiswahili, au kwa Kimaasai, Kisukuma, Kigogo au Kibarabaig. Safari ya maarifa kutoka kitabuni hadi zizini inapita lugha tatu au nne, na kila kivuko kina watu waliokwama.

Juu ya jambo hili yamejengeka madai mengi. Utayasikia kwa wahadhiri, kwa wazazi na kwa wanafunzi wenyewe, na mengine yamerudiwa mpaka yamegeuka sheria. Nimeyachukua yale yenye nguvu zaidi na kuyapima. Msomaji ajue mapema nasimama wapi: naamini tunapoteza vijana wenye akili, na tunapoteza mifugo, kwa sababu lugha vyuoni imeachwa kuwa kazi isiyo na mwenyewe.

"Asiyeweza kulieleza kwa Kiingereza hajaelewa."

Si kweli, na ndilo dai linaloumiza kuliko yote.

Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, utaratibu ulioshika mizizi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Anapoingia kidato cha kwanza, lugha inageuka. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta iliiona hatari hiyo: katika taarifa yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwaka 1992. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Miaka miwili baada ya taarifa ile, watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba wengi hawana lugha ya kutosha kujifunzia masomo mengine. Mwanafunzi wa leo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mjukuu wa hali hiyohiyo.

Mtaalamu wa lugha Jim Cummins, aliyefanya kazi Canada, alionyesha tofauti ambayo kila mhadhiri angepaswa kuijua. Lugha ya kupiga soga mtu huipata kwa takriban miaka miwili. Lugha ya kusomea, ya kueleza sababu na matokeo, ya kulinganisha na kukanusha, huchukua mitano hadi saba. Na alikuwa akiwazungumzia watoto wahamiaji waliozungukwa na Kiingereza dukani, uwanjani na kwenye televisheni. Kijana wetu hukutana na Kiingereza darasani, akitoka nje kimekwisha.

Mwulize mwanafunzi kwa Kiingereza kwa nini ng'ombe mwenye ndigana kali hupumua kwa shida. Huenda akanyamaza, au akatoa sentensi aliyoikariri ikakatikia katikati. Mwulize lilelile kwa Kiswahili. Atakwambia kwamba kupe wa masikio ameuma, vimelea vya Theileria parva vimeingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuzilazimisha zijigawe bila kikomo, mitoki imevimba ikianzia chini ya sikio, na mwishowe mapafu yamejaa maji hadi povu likatoka puani. Hilo ni jibu kamili. Kumpa sifuri ni kupima kitu kingine kabisa na kukiita patholojia.

Kinyume chake nacho kipo. Mwanafunzi aliyesoma shule za Kiingereza tangu utotoni anaweza kupamba ujinga wake kwa ufasaha akapata alama za bure. Mtihani unaochanganya lugha na maarifa bila kuvitenganisha unawadhulumu wote wawili, na unamdhulumu zaidi mfugaji atakayempokea huyo wa pili.

"Kiswahili hakina maneno ya kufundishia udaktari wa mifugo."

Nusu kweli, na nusu yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Anza na magonjwa: kimeta, chambavu, sotoka, mdondo, ndigana kali, ndigana baridi, homa ya mapafu, homa ya Bonde la Ufa, kichaa cha mbwa, mapele ngozi, miguu na midomo. Haya yamo vinywani mwa wafugaji na maofisa mifugo kila siku. Njoo kwenye mwili wa mnyama: kiwele, chuchu, kondo la nyuma, mji wa mimba, bandama, nyongo, mitoki, kwato. Watu wanaokama, wanaochinja na wanaozalisha wanyama hawakosi majina ya viungo. Na kazi ya wanaleksikografia ipo pia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo leo ni TATAKI, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003.

Wanaodai kwamba istilahi za taaluma hii ni Kiingereza nao wanakosea. Majina rasmi ya viungo vya wanyama wa kufugwa yamekusanywa katika Nomina Anatomica Veterinaria, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na yako kwa Kilatini. Majina ya vimelea ni ya Kilatini. Majina ya magonjwa mengi yana mizizi ya Kigiriki. Mwanafunzi wa London huyakuta mageni kama anavyoyakuta mwenzake wa Morogoro, na kuyafundisha kwa maelezo ya Kiswahili hakuyabadilishi hata herufi.

Upungufu wa kweli upo kwenye famakolojia, kwenye kinga ya mwili katika ngazi ya molekuli, kwenye jenetiki ya uzalishaji na takwimu zake. Lakini kuna tatizo jingine linalonisumbua zaidi: maneno tuliyonayo hayajafungwa sawasawa kwenye maana ya kitaalamu. Chukua ndigana. Ndigana kali inaletwa na vimelea vya Theileria na hutibiwa kwa buparvakwoni, tena mapema. Ndigana baridi inaletwa na bakteria wa Anaplasma na hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Mfugaji akisema tu "ana ndigana", na daktari kijana akachoma sindano bila kuuliza ni ipi, ng'ombe anaweza kufa huku dawa iliyokuwa sahihi kwa ugonjwa mwingine ikiwa mwilini mwake. Sotoka ni vilevile. Lilikuwa jina la ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika, na leo linatumika pia kwa ugonjwa wa mbuzi na kondoo, ambao virusi vyake ni ndugu lakini si vilevile, na chanjo yake ni tofauti.

Hayo hayatatuliwi na baraza la lugha peke yake. Yanatatuliwa darasani, na mtu anayejua tofauti ya Theileria na Anaplasma na anayewajua wafugaji. Darasa la vyuo vikuu likikaa kimya kwa Kiswahili, maneno yatabaki na ukungu wake.

"Veterinari ni taaluma ya kimataifa, na kimataifa ni Kiingereza."

Si kweli. Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo duniani kilianzishwa Lyon, Ufaransa, na Claude Bourgelat, kwa idhini iliyotolewa mwaka 1761, wakati sotoka ikiteketeza ng'ombe wa Ulaya. Somo lilifundishwa kwa Kifaransa. Hannover inafundisha kwa Kijerumani. Brazil inafundisha kwa Kireno. Budapest inafundisha kwa Kihungari, Kijerumani na Kiingereza. Hapa Afrika, Onderstepoort ya Afrika Kusini ilifundisha madaktari wa mifugo kwa Kiafrikana kwa miongo mingi, sambamba na Kiingereza, mpaka Chuo Kikuu cha Pretoria kilipoamua kwamba wanafunzi wapya kuanzia mwaka 2019 wafundishwe kwa Kiingereza. Mjadala wa uamuzi ule ulihusu haki na usawa wa wanafunzi. Kwamba lugha ile inaweza kubeba upasuaji wa farasi, hilo lilikuwa limekwisha kuthibitika. Hata Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lina lugha rasmi tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania.

Lipo la kukubali. Makala nyingi za utafiti, maelezo ya dawa mpya na mikutano ya kitaalamu ni vya Kiingereza, na daktari asiyekisoma atabaki nyuma. Ndiyo maana sitetei kukifukuza. Natetea kukifundisha kwa bidii na kwa utaratibu, badala ya kudhani kitaingia chenyewe.

"Ukiruhusu Kiswahili darasani, Kiingereza kitakufa."

Si kweli. Dhana iliyoeleweka katika lugha moja huhamia kwenye lugha nyingine kwa urahisi, kwa sababu kinachobaki kujifunza ni maneno yake tu. Dhana isiyoeleweka katika lugha yoyote haina cha kuhamisha. Mwanafunzi aliyejadiliana na mwenzake kwa Kiswahili jinsi tumbo la kwanza la ng'ombe linavyochachusha majani, na kwa nini gesi ikikosa njia ng'ombe hufura upande wa kushoto, ataandika aya yake ya Kiingereza akijua anachoandika. Huko Wales, Cen Williams aliwaona walimu wakifanya hivyo kwa makusudi, wanafunzi wakisoma kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine, na mwaka 1994 utafiti wake uliupa mtindo huo jina la kitaalamu.

Tatizo la vyuo vyetu ni kwamba Kiswahili kimo darasani tayari, lakini kinaingia kwa siri. Mhadhiri anatoa maelezo matamu kwa Kiswahili baada ya kuona nyuso zimeganda, kisha anarudi kwenye slaidi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi wanasaidiana kwa Kiswahili bwenini, wengine wakisaidiwa vibaya. Kinachofanyika kwa siri hakipimwi wala hakisahihishwi.

"Lugha si kazi ya mhadhiri wa anatomia, ina idara yake."

Si kweli. Vyuo vyetu vingi vina somo la stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza. Linafundisha barua, ripoti na marejeo, na ni somo lenye faida. Ila mwalimu wa somo lile hana namna ya kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kueleza kidonda cha ini katika ripoti ya uchunguzi wa mzoga. Lugha ya patholojia anaijua mwanapatholojia.

Na kinachohitajika si kikubwa. Mhadhiri agawe orodha ya istilahi za wiki ijayo, kila neno na maelezo yake mafupi kwa Kiingereza na Kiswahili, siku kadhaa kabla ya mhadhara. Neno jipya aliandike ubaoni, kwa maana sikio la mgeni halikamati neno la Kigiriki linalopita mara moja. Afundishe viambishi vyake: anayejua kwamba *-itis* huashiria uvimbe wa ugonjwa amepata ufunguo wa magonjwa mengi kwa mpigo. Katikati ya mhadhara, awape wanafunzi dakika chache wawili wawili waelezane jambo kwa lugha wanayoitaka, kisha mmoja alitoe mbele kwa Kiingereza.

Mtihani nao uangaliwe upya. Swali la kuchagua linalosema kwamba yote yafuatayo si sahihi isipokuwa moja linapima uwezo wa kufungua mafundo ya sarufi. Sentensi fupi yenye kauli moja inapima veterinari. Mwanafunzi hapaswi kufeli fiziolojia kwa sababu ya ukanushi maradufu.

Kuna jambo moja ambalo ningelifanya kesho kama ningekuwa na mamlaka. Katika mtihani wa vitendo, kituo kimoja kiwe cha kuzungumza na mfugaji kwa Kiswahili, na kiwe na alama sawa na vituo vingine. Ng'ombe amekufa ghafla, damu isiyoganda inatoka puani. Mwambie mwenye ng'ombe cha kufanya. Mwanafunzi anayejua kila kitu kuhusu *Bacillus anthracis* lakini akashindwa kusema wazi kwamba hiki huenda ni kimeta, mzoga usipasuliwe, nyama isiliwe, ngozi isichunwe, na watu waliougusa waende kituo cha afya, huyo bado hajaiva. Vilevile ripoti ya mgonjwa iandikwe mara mbili, moja ya Kiingereza kwa ajili ya faili, nyingine ya Kiswahili kwa ajili ya mwenye mnyama.

"Shida ya lugha inaishia chuoni. Mtaani sote tunasema Kiswahili."

Si kweli, na hapa ndipo vyuo vimelala zaidi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa wako mikononi mwa wafugaji ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine hahitaji kwenda mbali kuliona hili. Wilaya za Mvomero na Kilosa, mkoani mwake mwenyewe, zina wafugaji wa Kimaasai. Kijana aliyekulia Moshi au Mbeya anafika bomani, mzee anajibu kwa maneno machache ya Kiswahili, na mkalimani ni kijana wa jirani ambaye hajawahi kusikia habari za mitoki wala kuulizwa tofauti ya kuhara na kuhara damu. Mara nyingi mwenye taarifa bora ni mwanamke anayekama kila asubuhi. Yeye ndiye aliyeona maziwa yamepungua tangu juzi, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Wafugaji hawa wana elimu, tena iliyopangwa. Wamaasai huita ndigana kali *oltikana*. Wana *ormilo*, ugonjwa ambao ng'ombe huzunguka mahali pamoja mpaka akaanguka, na jina hilo limeingia katika maandishi ya kisayansi ya Tanzania kwa sababu watafiti waliwasikiliza wafugaji. Watafiti hao wanaihusisha ormilo na vimelea vya jamii ya Theileria kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Mfugaji ameubaini ugonjwa huo na kuupa jina kwa lugha yake.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni kutokomezwa kwa sotoka. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha, wa pili katika historia kufutwa na binadamu baada ya ndui, na wa kwanza wa wanyama. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitokana na juhudi za Walter Plowright kule Muguga, Kenya. Baadaye Jeffrey Mariner akasaidia kupatikana kwa chanjo inayostahimili joto, inayoweza kubebwa mwendo mrefu bila jokofu. Lakini chanjo haitembei. Katika maeneo ya mwisho, yale yenye vita na yasiyo na barabara, kazi ilifanywa na wafugaji waliofunzwa kuchanja ng'ombe wao wenyewe, na wataalamu waliokaa chini kuwauliza wazee kwa majina yao ya magonjwa: ulionekana lini, wapi, kwa ng'ombe wa umri gani. Majibu yale yalielekeza wapi pa kutafuta mabaki ya virusi. Wagonjwa wa mwisho waliothibitishwa walikuwa nyati, nchini Kenya, mwaka 2001.

Kwa hiyo kumfundisha daktari wa mifugo kuuliza maswali kupitia mkalimani, kuandika jina la ugonjwa kama mfugaji alivyolitamka, na kuthibitisha maana yake kwa dalili, ni sehemu ya epidemiolojia. Kunastahili saa zake kwenye ratiba. Wenzetu wa Kabete, nchini Kenya, wana sura nyingine ya jambo hilohilo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi huwa amezoea Kiingereza zaidi tangu shule ya msingi, lakini akipelekwa Turkana au Samburu anakutana na ukuta uleule.

"Programu ya kutafsiri kwenye simu itamaliza tatizo."

Si kweli, angalau kwa sasa. Inasaidia kupata maana ya aya ya kitabu. Kwenye kipimo cha dawa kwa kilo ya uzito, au idadi ya siku ambazo maziwa yasinywewe baada ya sindano, kosa dogo linamfikia mtoto anayekunywa maziwa hayo. Tafsiri ya mashine isomwe na mtu anayejua somo kabla haijamfikia mfugaji.

"Amri moja ya serikali ingetosha kubadili lugha ya chuo."

Si kweli. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamisha elimu yake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na wahadhiri waliosoma kwa Kifaransa wakalazimika kujifunza lugha huku wakifundisha. Amri inafungua mlango tu. Vitabu, istilahi, mafunzo ya wahadhiri na mitihani huja kwa kazi ya miaka.

Kazi hiyo inaweza kugawanywa. Mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu huzungumza Kiswahili na kitivo cha tiba ya mifugo cha chuo kikuu kinafundisha kwa Kifaransa. Orodha ya istilahi za patholojia iliyotayarishwa vizuri Morogoro ingewafaa na wao, wakiongeza safu ya Kifaransa. Vyuo vya Afrika Mashariki vina mifugo ileile, kupe walewale na magonjwa yaleyale, na havina sababu ya kila kimoja kuanza upya.

Kwako mhadhiri unayesoma haya: usingoje sera. Chukua somo lako la muhula ujao, andika istilahi zake muhimu kwa Kiingereza na Kiswahili, zipeleke kwa mwenzako wa TATAKI au Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) azikague, kisha ziwekee maelezo ambayo ofisa mifugo wa kata anaweza kuyatumia. Na kwako mwanafunzi: unapokwenda mafunzo ya vitendo vijijini, rudi na daftari la majina ya magonjwa kama wafugaji walivyoyataja, pamoja na dalili walizozieleza, ulikabidhi idarani kwako.